Mimi Napewa Pole, Wewe Unalaumiwa

Ndugu Shabani, mwenzangu katika mapambano tuliyoyaanza tungali tunavaa kaptula,

Assalaam alaikum huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuhusu wewe.

Matokeo ya darasa la saba yametoka. Shuleni kwako hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari. Sasa kijiji chetu kizima kimegeuka baraza la kukuhukumu. Bi Mwanahawa, yule aliyekuwa akikuletea vitumbua kila Ijumaa, juzi alinisimamisha njiani: "Rafiki yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakohoa tu darasani. Mwanangu angesoma saa ngapi?"

Angesoma saa ngapi! Asubuhi ulifundisha madarasa mawili katika chumba kimoja, mchana ukasimamia shamba la shule, jioni kisomo cha watu wazima, ambako huyo huyo Bi Mwanahawa alijifunza kuandika jina lake. Zuhura, mkeo, ameacha kwenda kisimani kwa sababu ya maneno yao.

Unakumbuka ubishi wetu kila nilipokuja likizo kutoka chuo cha udaktari? Mimi nikijigamba kwamba kazi yangu ndiyo nzito, kwa kuwa roho za watu zimo mikononi mwangu. Wewe ukinicheka: "Daktari, mgonjwa wako akifa, unapewa pole. Mwanafunzi wangu akifeli, natukanwa, na kesho yake aliyenitukana ananiamkia shikamoo." Nikasema unatia chumvi.

Hukutia.

Hivi karibuni mtoto alifariki wodini nikimtazama, kwa kuwa dawa aliyoihitaji ilikuwa imekwisha. Baba yake, mtu wa Saadani, alinishika mkono: "Usijisumbue, mwanangu. Siku zake zilifika." Shabani, nilitamani anitukane! Nilitamani aulize dawa ilikwenda wapi. Msamaha ule ulinielemea kuliko tusi, maana uliwafunika pia wale waliopaswa kujibu.

Basi tulikuwa tunabishana bure. Daktari haulizwi lolote, mwalimu anaulizwa yote; na aliyezifanya nafasi za sekondari ziwe chache kiasi hicho, aliyekunyima mwalimu wa pili, analala usingizi wake.

Nilikusihi uje Dar nikupeleke kwa wakubwa zangu wakupime kifua. Ukanijibu, "Darasa la saba nimwachie nani, mbuzi wa mwenyekiti? Nitakuja wakishafanya mtihani." Wakafanya. Ukaja... ukiwa umebebwa. Na mazishini watu wale wale wakanipa mimi mkono: "Pole, daktari, siku zake zilifika."

Kesho wazazi wanakutana na ofisa elimu. Wanataka iandikwe rasmi kwamba marehemu ndiye aliyewaangusha watoto. Nakuahidi, haitaandikwa nikiwa nimekaa kimya. Nitasimama mbele ya ubao wako niwaulize: mbona kwa daktari mnamkumbuka Mungu, na kwa mwalimu mnamsahau? Kisha nitamgeukia ofisa, nimwulize mwalimu wa pili yuko wapi. Wakinitoa nje, nitauliza kupitia dirishani. Unajua mwenyewe kwamba madirisha yako hayajawahi kuwa na mbao.

Pumzika, Mwalimu. Buriani.

Mkutano ni baada ya sala ya alasiri, darasani kwako. Zuhura anakuja nami, na atakaa mbele.