Mwenye Mashine na Mwenye Kitanda

Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Dobi.
Jumapili, tarehe 12 Mei.

Mpendwa mjukuu wangu Chapuchapu,

Salamu zangu zikufikie, mume wangu. U mzima? Kifua kimepona? Unakula, au unadanganya tumbo kwa chai? Ulisema kwenye simu kwamba baridi ya huko inauma masikio. Nunua kofia. Usione haya, masikio hayo hakuna anayeyasifia isipokuwa mimi. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo lenye maneno mengi, la kulia bado linaniheshimu.

Anayeandika ni shangazi yako. Ametoka zamu ya wodini sasa hivi, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asichomeke siasa zake humu, na nikimaliza atanisomea neno kwa neno. Kusoma sijui, lakini maneno yangu nayajua.

Kwanza ahsante. Niliisema kwenye simu, ila ya simu hupotea, nataka hii uishike mkononi. Mashine ya kufulia uliyotuma imefika. Wanaume wanne waliibeba, mlango ukang'olewa, na jirani yetu fundi viatu akafunga kazi aje kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Siku ya kwanza sisi wanawake sita wa dobi tulikaa kwenye benchi tukiangalia nguo zinavyozunguka kwenye kile kioo kama tunaangalia sinema. Shuka za nyumba ya wageni tulizokuwa tunazifua Jumatatu mpaka Jumatano, siku hizi kabla ya chakula cha mchana zipo kambani. Juzi nilijishika shavu nikashtuka, nikadhani ni mkono wa mtu mwingine. Kumbe mikono yangu imeota ngozi! Mungu akulipe, mimi siwezi.

Ila mashine yako imekuja na ugomvi ndani yake, na ugomvi huo unakuhusu.

Unajua baba yako mdogo ndiye anayekaa kaunta na kupeleka mizigo tangu duka lake la vipuri lifungwe. Unamjua pia shangazi yako. Basi hawa wawili wamegeuza meza yangu ya chakula kuwa bunge. Kaka mtu anasema ubepari ndio umeleta mashine: mtu ametoka, ametafuta, amewekeza, sasa tunapumua. Dada mtu anasema ubepari ni kumnyonya mtu mpaka abaki ganda. Mimi nimekaa katikati na sahani yangu, chakula kinapoa.

Neno hilo si geni kwangu. Nililisikia nikiwa msichana, nafua kwenye dobi ya hospitali. Wakubwa walikuja wakatuambia ubepari umekufa, dobi sasa ni mali yetu sote. Nikauliza umekufa lini, mbona msibani hatukualikwa? Nikakatwa mshahara wa siku moja. Basi mali yetu sote ikaendelea. Pasi kubwa iliharibika ikakaa miaka miwili, kila mtu akiipita kama jiwe. Sabuni ilikuwa inatoka na mkoba wa msimamizi. Na mimi nilitoka na kipande siku moja, shangazi yako ndiye niliyemwogeshea. Hapa ameinua kalamu anataka kuliruka hili. Andika hivyo hivyo!

Kwa hiyo baba yako mdogo nikimsikiliza, sioni ujinga. Tangu tuanze dobi hii yetu sisi wenyewe, pasi ikiharibika asubuhi, jioni imepona. Yule mwenzetu mrefu aliyekuwa akisinzia juu ya mapipa, siku hizi akifua zaidi anapata zaidi, na usingizi wake umepona bila dawa. Hilo nalikubali, hata shangazi yako akinuna.

Lakini sikiliza lililotokea.

Bi Nyuzi unamkumbuka, yule aliyekuwa akikufuta kamasi kwa pindo la gauni lake. Mimi naye tuliacha kazi hospitali siku moja tukaanza dobi hii. Hatujui kusoma, kwa hiyo alama zetu ni nyuzi. Kila mteja ana zake, Bi Nyuzi anazishona ndani ya pindo kabla ya kufua na kuzifumua nguo ikitoka: nyekundu mbili na nyeupe moja ni nyumba ya wageni, bluu peke yake ni hakimu, kijani na njano ni mkunga. Miaka arobaini hatujawahi kumpa mtu nguo isiyo yake. Sasa macho yake yamechoka. Kutia uzi kwenye sindano anatumia muda wa kunywa kikombe kizima cha uji. Baba yako mdogo akaona mashine inakaa bure ikisubiri alama, akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama mkubwa, umefanya kazi ya kutosha, sasa kapumzike nyumbani." Kapumzike, mume wangu, bila mshahara.

Bi Nyuzi alikunja kitambaa chake cha sindano, akaondoka. Kiti chake kikawekewa ndoo.

Baba yako mdogo akakata vipande vya kitambaa, akaandika namba kwa kalamu, namba nzuri zimenyooka, akavibana kwenye nguo za wiki nzima. Akatia kwenye mashine, maji ya moto. Zilipotoka, vipande vyote vyeupe kama siku vilipozaliwa. Wino wote umekwenda na maji! Na yeye ana cheti cha biashara, mimi hata kalamu sijui inashikwaje, lakini wino na maji ya moto ningemwambia bure.

Akasema hakuna shida, atagawa kwa kukisia. Mpishi wa nyumba ya wageni akapelekewa joho la hakimu. Hakimu akafungua mfuko wake kazini, akatoa aproni yenye picha ya kuku. Mkunga alipata suruali tatu za kiume, na mumewe akataka kujua ni za nani. Hapo ndipo mambo yakawa mazito.

Nikaenda mwenyewe kumwita Bi Nyuzi. Angeweza kukataa, mimi ningekataa. Alikuja, akakaa sakafuni katikati ya mlima wa nguo, akawa anazipapasa moja moja. "Hii kola imegeuzwa, ya hakimu. Hii imetiwa kiraka na mwanamke anayetumia mkono wa kushoto, ya mkunga." Hakutumia macho hata kidogo. Mpaka alasiri kila nguo ilikuwa na mwenyewe. Wakati wa kuinuka akamwambia baba yako mdogo, "Namba zako zilikuwa nzuri, mwanangu. Zilipenda kuoga tu." Bi Nyuzi alicheka mpaka akashika ukuta, na baba yako mdogo naye akacheka. Si mtu mbaya, mwanangu yule.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Kesho yake akaja na kalamu yenye wino usiotoka. Akasema yaliyotokea ni makosa ya kalamu, hesabu iko palepale: kazi ya Bi Nyuzi ya siku mbili yeye anaimaliza kwa saa moja. Na ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Shangazi yako akaruka juu, akamwita mnyonyaji. Kaka mtu akajibu, "Mwenye mtaji ndiye anayeamua! Mashine ni ya Chapuchapu. Yeye akisema abaki, atabaki."

Nikaweka kijiko chini. Nikamuuliza, pasi ya kwanza ya dobi hii ilinunuliwa na nani? Angejuaje, hakuwa amezaliwa. Bi Nyuzi aliuza kitanda chake cha chuma tukanunua pasi ya mkaa, akalala mkekani mwaka mmoja na nusu. Kama mashine ni mtaji, kitanda nacho si mtaji? Au mtaji ni wa vijana tu? Akasema, "Mama, hayo ya zamani." Nikasema hata mashine kesho itakuwa ya zamani, na wewe pia.

Sasa nikuambie jambo la moyoni. Uliniambia kuwa huko ghalani unakofanya kazi mmefungwa kidude mkononi kinachohesabu hatua zenu, ukikaa chooni kidogo kinapiga kelele. Siku ile nilikuficha, lakini nililia. Fedha za mashine hii zimetoka kwenye hatua hizo. Kila shuka ikizunguka mle ndani nakuona wewe unatembea. Ndiyo maana sitaki mashine yako imfanyie Bi Nyuzi kile ambacho kidude kinakufanyia wewe. Shangazi yako anasema huo ndio usoshalisti. Baba yako mdogo anasema huo ni uwekezaji wenye utu. Muupe jina mnalotaka, mimi nataka Bi Nyuzi akae kwenye kiti chake.

Kwa hiyo, mume wangu, nimesema uongo. Jumanne niliwaambia wote mezani kwamba umenipigia simu. Sasa nakuarifu ulichosema, ili baba yako mdogo akikuuliza usipepese macho. Ulisema Bi Nyuzi ni mwenye hisa kwa ajili ya kitanda, hafukuzwi na mtu. Ulisema afundishe wawili alama zake, na kalamu ya baba yako mdogo itumike kwenye mizigo mikubwa ya shuka, maana huko inafaa kweli. Na ulisema fungu lako la faida la miezi mitatu hii limnunulie miwani. Tayari imenunuliwa. Jana ameivaa, akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe tumezeeka hivi!"

Ukiona nimekudhulumu, nipigie mimi, usimpigie yeye. Mashine ni yako na mdomo ni wako, nitarudisha vyote. Lakini nakujua, nimekulea.

Shangazi yako anacheka, maji ya beseni yamemwagika. Anakusalimu. Mapacha wake wanakusalimu, na fundi viatu anauliza kama kuna mashine ya viatu. Bi Nyuzi anakuombea kila alfajiri kwa sababu ya miwani, basi pokea dua hizo kimya kimya. Msalimie mwenzako wa chumbani anayekupikia.

Baba yako mdogo anakusalimu sana. Anasema hakujua kama umekuwa mtu mzima mwenye busara kiasi hicho.

Mungu akufunike baridi isikuone, na hatua zako azihesabu Yeye tu.

Ni mimi, bibi yako, mkeo wa kwanza, nikupendaye na ninayekushukuru kwa yote uliyosema.