Kuaga kwa Adabu

Jumatatu

Na eti adabu yangu ndiyo ushahidi dhidi yangu!

Afisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kijana asiyejua hata kuitikia salamu, alinifahamisha leo kwamba fao la kukosa ajira hulipwa aliyeachishwa kazi, si aliyeacha mwenyewe. Nikamjibu kwamba meneja wa hoteli ya Uroa aliniachisha kwa kinywa chake. Akampigia simu papo hapo, sauti ikasikika ukumbi mzima.

"Yule mzee? Kaondoka mwenyewe. Kapita jikoni mpaka bustanini akiomba radhi, tukapeana mikono. Aliyefukuzwa huaga hivyo?"

"Umesikia, mzee wangu?" afisa akacheka. "Ungelitukana kidogo, ungelilipwa."

Ndio hao waliokabidhiwa ofisi! Hawajui kwamba muungwana aliyekula sinia moja na wenzake haondoki bila ya kuwataka radhi, hata akifukuzwa.

Nakiri nina hofu. Mchele uliobaki hautufikishi mwisho wa mwezi, na mke wangu ameshaanza kuupima kwa kikombe.

Kesho narejea Uroa, nimtake meneja akiri mbele ya wafanyakazi kwamba alinifukuza. Kisha nitaondoka bila ya kumuaga.