Radhi ya Kwenda Bushehr

Al Wakrah, Doha
Ramadhani, 2018

Kwa Baba yangu mpenzi, Mwalimu Shehe Bakari, Pangani.

Shikamoo Baba. Mwezi mtukufu umenikuta mzima, ila mgongo tu, nao tumeshazoeana. Habari za mguu wako? Nauliza kwa barua kwa sababu mdogo wangu Hamza akiulizwa husema mzee yuko fiti, na Hamza hata nyumba ikiungua atasema iko fiti. Unafunga? Daktari alikukataza, lakini nakujua. Shangazi naye mpe salamu zangu, mwambie zile kanga zimo kwenye mzigo, asigombane na mtu.

Ningekuamkia kwa simu. Nimepiga, Hamza akaniambia umegeuzia uso ukutani na huzungumzi nami mpaka nikanyage uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Basi nimeshika kalamu. Barua anakuja nayo Asha, yule wa Muheza, anayerudi moja kwa moja kwa hofu ya vita. Mfuturishe vizuri, ila usiyabebe yote atakayokusimulia.

Maneno yako niliyapata, Baba. Hamza aliyarekodi, nikayasikia kwa sauti yako mwenyewe: "Sharifa, rudi. Usiporudi kabla ya Idi, radhi yangu huna." Nilikuwa jikoni naosha mchele, nikaketi chini palepale. Hujapata kunitishia radhi, hata nilipomkataa yule mchumba wa Mkwaja na mahari imeshapokewa. Tangu siku hiyo nikiinua mikono kuomba, naona kama naomba mlangoni pa mtu aliyeufunga.

Sikulaumu kwa kuogopa. Huku pia tumeogopa. Usiku ule Marekani ilipotangaza kujitoa katika mkataba wake na Iran wa mambo ya nyuklia, na Iran nayo ikajibu kwamba ikibidi itarudi kwenye mitambo yake, watu wa nyumba hii walikaa mbele ya televisheni chai ikapoa. Asubuhi mama wa nyumba akamtuma Hassani, dereva wetu, akanunue maji ya chupa mpaka gari likainama nyuma. Huku hatuna mto, Baba. Maji ya bomba ni ya bahari yanayochujwa, na mtambo wa nyuklia wa Iran uko ng'ambo ya bahari hiyohiyo, mji unaitwa Bushehr. Mama wa nyumba anasema ukipigwa ule, bahari itakuwa sumu na mabomba yetu yatakuwa sumu. Chupa zimejaa mpaka chumbani kwangu, nalala nazo kama wake wenza.

Na maneno ya watu ndiyo usiseme. Ndirangu, Mkenya anayelinda jengo la jirani, yeye amestarehe. Anasema Wamarekani wana kambi yao hapahapa, nani atathubutu kuguza Doha. Hassani anamjibu kwamba kwa sababu ya kambi hiyohiyo sisi ndio tutakaopigwa mwanzo. Wamebishana juma zima na hakuna aliyeshindwa. Kila mtu huniletea methali ya tembo na nyasi, kwa hiyo wewe tafadhali usiniandikie hiyo.

Sasa nikwambie habari ya Bibi, maana sijapata kukueleza vizuri. Ni mama wa bwana wa nyumba, na mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemgeuza kitandani. Bibi si mzaliwa wa hapa. Alizaliwa Bushehr, mji huohuo. Aliolewa huku akiwa msichana, akamwacha kwao mdogo wake, Zivar. Siku hizi Zivar ni mjane, hatembei tena. Kila Alhamisi nawashikia simu wazungumze, na ingawa lugha yao siijui, kicheko chao nakijua.

Alhamisi ile hawakucheka. Bibi alinieleza baadaye kwa Kiarabu. Kule nako watu wamegawanyika. Mjukuu wa Zivar anasema afadhali, mkataba wenyewe ulikuwa kamba shingoni, sasa nchi itengeneze inachotaka. Mama yake analia, maana dawa za shinikizo la damu zimeanza kuadimika na anasema bomu halinywewi na maji asubuhi. Zivar mwenyewe amekataa kuondoka. Anasema atafia kitandani pake, awe amekufa kwa Mungu au kwa Marekani. Bibi akanishika mkono akaniambia, "Sharifa, nataka kumwona mdogo wangu kabla hawajamuua mmoja wetu." Nikamfunika shuka nikatoka, nikaenda kulia bafuni.

Ijumaa yake nilikwenda Al Mansoura, chumbani kwa Asha, ambako sisi wanawake wa Tanga na Unguja hukutana. Nikakuta udi umefukizwa, mkeka umetandikwa, na juu ya mto kuna kitabu cha Halbadiri. Wameamua kusoma kumwapiza adui. Nikauliza tunamsomea nani. Asha akasema wale wa ng'ambo, wanaotaka kutuletea balaa la nyuklia. Mmoja akasema Marekani nayo iingizwe, ndiyo iliyovunja mkataba. Asha akakataa, akasema Halbadiri haigawanywi kama pilau. Mwisho wakaafikiana ni wa ng'ambo, na msomaji ni mimi, kwa kuwa ni binti wa mwalimu. Nilisoma, Baba. Nilikuwa na hofu kama wao, na nilikuwa na maneno yako kifuani, nikasema labda balaa likiondoka nawe utalegea. Nikasoma kwa ile sauti uliyonifundisha, wenzangu wakaitikia, mmoja akaanza kulia.

Nilipofika kwenye majina ya watu wa Badri, nikamwona Zivar. Sijapata kumwona kwa macho, lakini nilimwona, na Halbadiri yangu inamwendea na miguu yake isiyotembea. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba haisomwi juu ya asiye na kosa. Yule mwanamume wa Mwera alikujia na fedha ili umsomee jirani yake, nawe ukamwambia kasome Yasini nyumbani kwako ulale. Nikafunga kitabu.

Lo, niliyoyasikia siku hiyo! Wakasema Halbadiri ikikatizwa humtafuta aliyeikatiza. Wakasema nimenunuliwa na Waajemi. Asha akaniambia kuwa kama vita ikija, watoto wake wataniuliza mimi. Nikarudi Al Wakrah bila hata kupewa kahawa. Nataka uniambie kama nimekosa, maana hilo ni la elimu na wewe ndiye mwenye elimu yake. Kama nimekosa nitatoa kafara. Lakini kukimalizia kile kitabu siwezi.

Baada ya siku chache bwana wa nyumba aliniita sebuleni. Hassani alikuwa ameshamwambia kuwa unanitaka nyumbani. Huku mtumishi wa nyumbani hatoki nchini mpaka mwajiri atie saini, kibali wanakiita khuruji. Alikuwa ameshakitia saini. Akaniambia bila kuniangalia, "Safari hii sikucheleweshi." Akasema tiketi ya Dar es Salaam atanikatia siku ninayotaka.

Baba, hapa kuna jambo ulikuwa hulijui, na nilikuwa nimeazimia usilijue. Mama alipofariki nyinyi mlinisubiri, kisha mkazika, na baadaye nikasikia kuwa barazani palisemwa Sharifa amependa kazi kuliko maiti ya mama yake. Sikujitetea. Niliogopa kuwa ukiujua ukweli utaniamuru niondoke, na wakati ule Hamza alikuwa bado shuleni kwa ada niliyokuwa nikituma. Ukweli ni kwamba bwana huyu alikuwa safarini Ulaya, hakuna mwingine wa kutia saini, na alipotia, Mama alikuwa ameshalala ardhini. Sikulala siku zile. Na aliyekaa nami chini, sakafuni jikoni, na magoti yake yale mabovu, ni Bibi. Aliwaagiza wanawe wafanye khitma ya mama wa mtumishi, wakafanya. Alinilisha tende kwa mkono wake. Watoto wake walikuwa wakimwita akalale, hakwenda.

Sasa yeye anataka kumwona mdogo wake akiwa hai. Binti zake wanaogopa. Mama wa nyumba anaogopa. Muuguzi wa Kifilipino waliyemwajiri kwa safari alisikia neno Bushehr akabeba mkoba wake akaenda zake. Hakuna anayeweza kumwinua Bibi asilie ila mimi. Bwana wa nyumba hakuniomba, na wallahi hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyekwenda kwake na kile kibali mkononi, nikamwambia tiketi aibadilishe.

Basi lisikie kwangu usilisikie kwa Asha. Siji kabla ya Idi. Jumamosi tunaruka mimi na Bibi na mwanawe mpaka Shirazi. Wewe unayewaambia watu kila siku kuwa babu zetu walitoka Shirazi, mwanao wa kwanza kurudi ndiye huyu. Kutoka hapo ni gari mpaka Bushehr, kwenye mji uleule unaouapiza kila ukifungua redio. Barua ikikufikia mkononi nitakuwa nimeshafika. Naogopa, Baba. Ila nikirudi Pangani nimemwacha Bibi hivi, nitakaa kwako na radhi yako yote, na usingizi sitaupata. Bwana ameahidi kuwa Bibi akisharudi Doha, nami nitakuja nyumbani. Nikirudi salama, nitakuja kukupigia magoti mwenyewe.

Nibusie watoto wa Hamza. Shangazi mwambie asilie mbele ya watu. Makaburini mpelekee Mama Fatiha yangu, mwambie sijasahau kuwa sikumzika.

Radhi yako ni yako, ukininyima sina wa kumshitakia. Lakini miaka yote nimekuona ukitoka kibarazani kuwaombea wasafiri, hata madereva wa malori usiowajua majina, hata yule mlevi aliyekutukana. Hujapata kumnyima msafiri dua. Kama huwezi kuniombea kama mwanao, niombee kama mmoja wao.

Ni mimi mwanao,
Sharifa binti Shehe