Velo ya Feza

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu

Nimekawia sana kuandika. Naomba radhi, ingawa sijui ninamwomba nani. Sababu ni mgongo. Nikishamshusha Feza jioni, hata kalamu ni mzigo.

Leo kama jana. Moto, chai bila sukari, Feza mgongoni mpaka shuleni. Kurudi. Kwenda tena kumchukua. Ana miaka saba, na miguu yake ililala tangu ile homa ya uchanga. Tumboni yuko mwingine. Kitambaa cha kumfungia Feza hakitoshi tena. Baba yao anafanya kazi kwenye boti, njia ya Kinshasa. Hurudi mto ukipenda.

Mgongo ukikataa, shule imekwisha. Ninaogopa hilo tu.

Jumatano, tarehe 4

Redio imerudia: walemavu ni raia kama wengine, watoto wapokewe shule zote. Ni neno hilo hilo la mwaka jana lililomfanya mkurugenzi wa shule ampokee Feza. Kabla ya hapo alisema darasa si hospitali. Sasa anakaa mbele, kwenye mkeka, kwa sababu benchi hazina mahali pa kuegemea. Ni kitu. Sitasema si kitu.

Jioni alikuja Tonton Lofemba, mkubwa wa Chama hapa mtaani Mangobo. Velo zimefika, baiskeli za magurudumu matatu, za kuendesha kwa mikono. Moja ni ya Feza.

"Bon, Mama Feza, sasa mugongo utapumzika. Lakini siku ya défilé, siku ya gwaride, mutoto atapita mbele, eh! Watu waone kazi ya Serikali."

Nikasema ndiyo. Ningeambiwa nivuke mto kwa kuogelea, ningesema ndiyo.

Jumamosi, tarehe 7

Salongo. Kazi ya lazima, kufyeka majani kando ya barabara, na tumbo hili. Hakuna aliyenihurumia.

Mchana velo ikaja. Kijani, inang'aa. Feza alienda mpaka kwa muuza mikate bila mimi. Bila mimi! Watoto wa jirani, wale wanaomwita kilema, walikimbia nyuma yake kama nyuma ya gari la waziri.

"Ministre anapita! Toka njiani!"

"Ministre hasukumwi na mikono ya uchafu!" Feza akawajibu.

Nilicheka. Halafu nikaenda kulia jikoni.

Jumanne, tarehe 17

Anakwenda shule mwenyewe. Mimi natembea kando, mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

Mchana ni mazoezi ya animation. Nyimbo za kumsifu Mkubwa wa nchi, ngoma, pagne, yaani vitenge vya Chama. Feza anafundishwa kupunga mkono. Na kucheka. Wanataka meno yaonekane.

Jumamosi, tarehe 21

Défilé, Makiso, katikati ya mji. Tulipangwa tangu asubuhi. Mgeni kutoka Kinshasa akachelewa. Jua kali. Velo ya Feza mbele ya wote, bendera mbili. Ni marufuku kutoka mstarini.

Aliniita kwa macho. Halafu kwa sauti: "Mama, mukojo."

Nikamwomba Tonton. "Ngoja kidogo, mama. Wageni wako njiani." Nikamwomba tena. Ngoja.

Ukatoka. Ulishuka kwenye kiti, ukatiririka kwenye lami, wanafunzi wa mji mzima wakiangalia. Wakacheka. Ndipo magari yakaingia, ngoma zikaanza. Tonton akainama: "Feza, cheka! Punga mukono!"

Mtoto wangu akaonyesha meno. Machozi yanatoka, na meno yako nje.

Nikaingia mbele. Nikamtoa kwenye kile kiti, nikamfunga mgongoni hivyo hivyo na maji yake, nikaondoka. Velo ilibaki peke yake na bendera zake.

Jumatatu, tarehe 23

Velo haitarudi. Atapewa mtoto mwingine, ambaye mama yake ana heshima. Tonton ndiye aliyeleta habari. Hakupandisha sauti. Alikuwa kama mtu asiyelala.

"Mama Feza, umenifanyia nini? Mimi pia niko na wakubwa."

"Na mimi niko na mutoto."

Si mtu mbaya. Ninamchukia leo.

Feza ameuliza kama ni kosa lake, kwa sababu hakujizuia. Nimemwambia hapana. Hajaniamini.

Jumatano, tarehe 25

Tumerudi kwa mgongo. Nilipumzika njiani mara nyingi, nimeegemea kuta za watu. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, akaniita raia kama wanavyosema redioni.

"Citoyenne, labda mutoto abaki nyumba kwanza. Mambo yatulie."

"Redio haikusema abaki nyumba. Ilisema apokewe. Ikibadili neno, muniite."

Nikapita. Nikamkalisha kwenye mkeka wake.

Jumapili, tarehe 29

Mvua tangu alfajiri. Feza amelala.

Yaya Kisubi, kaka yangu mkubwa, ni seremala kule Bengamisa. Amenitumia neno: anaweza kutengeneza kigari cha kuvuta, niseme tu ninachotaka. Dereva wa lori la mihogo anarudi huko kesho. Naandika hapa nisisahau la kumwambia.

Magurudumu ya velo ya zamani, hata yasiyolingana. Ubao wa kukalia, usiwe mpana, Feza ni mwembamba. Mahali pa kuegemea mgongo. Kamba ndefu, niweze kuvuta hata tumbo likikua. Rangi asipake. Kiwe chini, karibu na ardhi. Upande mmoja auache wazi, ili mtoto ashuke mwenyewe akitaka.