Mifereji Miwili ya Bustani Yetu

Ndola, Zambia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Dada Tumaini aliniambia kwenye simu kwamba unachechemea hadi bustanini na fimbo umeikataa. Ubishi huo ndio umenipa moyo kwamba unapona. Mimi ni mzima, ila Mama namwota sana. Kuzikwa kwake nikiwa mbali bado kunaniuma.

Unajua kilichoninyima ruhusa ya kuja? Ghala letu, ninakotunza mtandao, lina kompyuta nyingi, zimeunganishwa kwa nyaya na visanduku viitwavyo swichi. Kila njia ya ujumbe ina nyingine ya akiba, iliyofungwa, maana zote mbili zikiwa wazi ujumbe huzunguka bila kikomo hadi mtandao unasongwa. Waya ukikatika, visanduku vilikuwa vikikaa karibu dakika nzima vikisikiliza na kuchunguza kabla ya kufungua ya akiba. Makarani wanakwama, madereva getini wanapiga honi, bosi anafoka. Akasema siendi popote mpaka usumbufu huo uishe.

Juzi nikakumbuka mifereji yetu miwili. Mfereji wa juu ukibomoka, wewe ulikuwa ukitutembeza wote mferejini kukagua kwanza, miche ikinyauka. Mama hakuwa na subira hiyo. Alimpanga kila mtu langoni kwake mapema, kisha akaita: "Umeziba huko?" Aliye lango la juu anajibu, "Nimeziba!" Ndipo Mama anamwambia wa lango la chini: "Haya, fungua!" Maji yalifika papo hapo. Siku moja mimi wa chini nikafungua bila kungoja jibu, nikazamisha kitalu chake cha vitunguu. Yeye alicheka, wewe hukucheka.

Basi nimevipanga visanduku kwa mtindo wa Mama. Kila kimoja kinaijua njia yake ya akiba mapema, na hakifungui mpaka kiulizane na jirani yake na kujibiwa. Jana nilichomoa waya mkubwa mbele ya bosi. Makarani waliendelea kuchapa, hakuna aliyeinua kichwa. Bosi akauliza, "Umeshachomoa?" Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Likizo nimepewa, Baba. Nisalimie Dada, shemeji fundi baiskeli, na shangazi wa Chapwa muuza mchele. Nikishavuka mpaka wa nchi pale Tunduma nitalala kwake, ni karibu.

Nikifika nyumbani Ihanda nitapita kaburini kwa Mama, kisha nisimame kwenye lango langu la mfereji. Uite wewe, maana mwitaji wetu hayupo. Safari hii nitangoja jibu.

Mwanao akupendaye,
Ambakisye