Mechi ya Mombasa Iliyochezwa Soni

Ngamiani, Tanga
8 Februari 1953

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kidole gumba kimevimba, na kwa golikipa hilo ni la kawaida. Natumai kikohozi chako kimepona na baridi ya Soni imepungua.

Nimechaguliwa kulinda goli la Tanganyika kwenye mashindano ya nchi tatu, Mombasa, wakati wa Pasaka. Tafadhali mwambie Mzee Noa. Si alisema hawezi kumwoza binti yake Lea kwa mtu ambaye kazi yake ni kuangukaanguka? Basi ajue sasa naanguka kwa niaba ya nchi nzima.

Mwanao,
Asheri


Soni
22 Februari 1953

Mwanangu Asheri,

Salamu za Bwana. Kikohozi kimepona na ng'ombe amezaa. Je, kidole?

Barua yako niliisoma kanisani baada ya matangazo, na mchungaji akayaombea magoti yako. Baadaye, nyumbani kwake, Mzee Noa alivua miwani akaniuliza, "Hao wageni wakimpigia mpira, yeye huurudisha?"

Nikasema huurudisha.

"Yote?"

Nikasema yote. Mungu anisamehe, sijawahi kukuona ukicheza. Akasema ukirudi Mombasa bila aibu tutazungumza habari za mahari. Lea alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia sufuria ikianguka.

Mama yako,
Dorkasi


Ngamiani, Tanga
20 Machi 1953

Mama,

Shikamoo. Afya ninayo, moyo ndio mgonjwa.

Mashindano yamefutwa. Vita vya Kenya vimezidi, treni zinabeba askari, na wakubwa wa huko hawataki watu wajae uwanjani. Masanduku yetu yalikuwa tayari mlangoni. Akbar wa duka la vitambaa, ambaye ndiye meneja wetu, alikuja na telegramu. Aliisoma mara mbili, kisha akatununulia chai sote.

Najua huko watu wanakufa, na naona haya kulilia mpira. Hata hivyo nimelia. Usimwambie Mzee Noa mpaka nipate la kusema.

Mwanao,
Asheri


Soni
27 Machi 1953

Mwanangu,

Pole sana. Hapa hatujambo, ila barua yako imechelewa. Mzee Noa alisikia habari sokoni akaja kuniuliza, na ilikuwa Jumapili, singeweza kudanganya.

Alisema, "Vita si kosa lake. Lakini mimi nilitaka nijue kama anadaka, na bado sijui. Basi nitampigia mpira mwenyewe."

Si mzaha. Amesimamisha miti ya goli shambani kwake, na kila jioni hupiga mpira akiwa na mabuti ya mvua. Migomba miwili imelala. Anakusubiri Jumatatu ya Pasaka.

Asheri, ni mzee, ana kiburi, na ndiye baba wa Lea. Utumie akili.

Mama yako,
Dorkasi


Ngamiani, Tanga
31 Machi 1953

Mama,

Shikamoo. Nitakuja. Lakini usiniombe nifungwe makusudi. Mombasa wameshaichukua, na goli hilo la miti ndilo pekee nililobakiwa nalo.

Mwanao,
Asheri


Soni
8 Aprili 1953

Mwanangu Asheri,

Natumai ulifika salama. Kukimbilia lori la mboga bila kuaga, na jogoo yuko jikoni, ni tabia ya nani? Ngoja nikueleze uliyoyakosa.

Ulipoudaka mpira wa tatu na Mzee Noa akateleza chali, wote tuliogopa kucheka, nawe ukatoroka. Alikataa kuinuliwa. Alilala pale kwenye matope akitazama mawingu, kisha akauliza, "Huyo ndiye waliyemzuia kwenda Mombasa?"

Wakasema ndiye.

"Basi vita vimewaokoa wachezaji wa Kenya."

Hapo ndipo alipoomba mkono ainuliwe. Jioni alikuja kwangu akichechemea, akala jogoo wako, paja lote, na habari za mahari tumeshazimaliza. Kwa upande wake.

Kwa upande wa Lea bado. Anasema hakuna aliyemuuliza yeye. Anasema pia baba yake alipiga kwa nguvu bila kutazama, lakini yeye alikutazama vizuri, na upande wa kushoto unachelewa. Ameyachukua yale mabuti na anajizoeza. Mgomba wa tatu umelala leo asubuhi.

Njoo Jumamosi. Mimi nitasimama upande wake.

Mama yako,
Dorkasi