Pole kwa Kiingereza

Mbezi Beach, 2 Februari 2024

Mwanangu Lulu,

Hujambo? Magoti ya bibi yako yanaendeleaje? Mie mzima, ila huku kwa Wazungu nimekuwa bubu. Simu haturuhusiwi kazini, kwa hiyo barua atakuletea Faraji, mtunza bustani, akirudi Kiwalani. Niandikie maneno mepesi ya Kiingereza ya darasani kwenu. Mtoto ninayemlea ana miaka mitatu na ananicheka.

Mama yako, Tabu

Kiwalani, 11 Februari

Shikamoo mama,

Sie wazima, magoti ya bibi bado. Haya kariri: maji ni water, kula ni eat, kulala ni sleep. Pole ni sorry. Mwalimu Theonest anasema mtu akiumia mwambie sorry, ndiyo adabu. Nitakuuliza ukija.

Mwanao, Lulu

Mbezi Beach, 8 Machi

Mwanangu,

U mzima? Maneno yamekaa. Juzi bosi alijikata kwa kisu, nikamwambia sorry. Akaniuliza, kwani wewe ndiye uliyenikata? Faraji alinitafsiria, tukacheka mpaka basi. Wazungu wana vituko.

Mama yako

Mahabusu, 20 Aprili

Lulu,

Natumai mmeamka salama. Yule mtoto alianguka kutoka ghorofani, amefariki. Huko juu alikuwa na baba yake, mie nafua uani. Nilikimbia nikamkumbatia mama yake, sorry, sorry, sijui mara ngapi. Kumbe wao walisikia naomba msamaha. Baba mtu kasema aliniachia mie mtoto, na polisi wameandika nimekiri uzembe. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

Kiwalani, 27 Aprili

Shikamoo mama,

Pole sana. Nimeangalia kamusi ya mwalimu. Sorry ni pole, na ni samahani pia. Mie nilikupa nusu. Nitakuja mahakamani niseme ni mie niliyekufundisha.

Mwanao, Lulu

Gerezani, 17 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Jana mahakamani nilikuona nyuma kule na sare zako za shule. Faraji aliogopa kupoteza kazi, hakuja, basi wakili alitaka uitwe wewe, alisema ushahidi wako ungeweza kuniokoa. Mie ndiye niliyekataa. Wangekubana kwa maswali mpaka uamini wewe ndiye uliyenifunga. Ni miaka minne. Soma, msaidie bibi.

Mama yako

Kiwalani, 22 Septemba

Mama,

Ningejibu maswali yao hata siku nzima. Nilikuwa nimejiandaa, bibi alinisikiliza kila jioni. Ukitoka nitakuwa kidato cha pili, na bibi sijui kama tutakuwa naye. Ulikuwa na shahidi mmoja tu, ukamkataa. Nimekasirika na wewe, mama, na leo sikuamkii.

Lulu